Salum Abdallah: Midundo ya Kuba Katika Kinywa cha Kiswahili

Utangulizi

Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki unapozungumziwa katika kumbi zetu za mihadhara, majina yanayotajwa kwanza huwa ni ya wapiga gitaa wa miaka ya 1970. Mbaraka Mwinshehe hutajwa, na anastahili. Hata hivyo, kabla ya Mbaraka kushika gitaa, katika mji huohuo wa Morogoro, alikuwapo kiongozi wa bendi aliyekwisha kuyafundisha masikio ya Waswahili kusikiliza lugha yao ikipanda juu ya midundo ya Kuba. Huyo ni Salum Abdallah Yazidu, mwanzilishi wa Cuban Marimba Band, aliyeaga dunia mwaka 1965.

Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kusudi moja: kuonyesha jinsi mtu aliyeazima mdundo kutoka ng'ambo ya bahari alivyoufanya kuwa chombo cha Kiswahili. Suala hili haliwahusu wapenzi wa muziki peke yao. Lugha tunayoisoma imeulizwa swali hilohilo tangu ianze kuandikwa. Ilipokea maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza. Washairi wake waliandika kwa hati iliyotoka ng'ambo. Na bado haikukoma kuwa lugha ya Kibantu. Je, mwimbaji anayeazima mdundo tumhukumu kwa kanuni gani?

Mdundo Uliovuka Bahari Mara Mbili

Ili tumwelewe Salum Abdallah, hatuna budi kuanza na kisiwa ambacho hakuwahi kukanyaga. Muziki wa Kuba uliumbwa kwa sehemu kubwa na Waafrika waliopelekwa huko utumwani hadi utumwa ulipokomeshwa mwaka 1886. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi na bonde la mto Kongo. Wengine walitoka Msumbiji, na kumbukumbu za Kuba zinawataja Wamakua, jamii ambayo makazi yake yanapakana na upwa wa Waswahili. Watu hao walibeba ngoma zao vichwani kwa kuwa mikononi walifungwa minyororo. Zilipokutana na gitaa na lugha ya Kihispania, zikazaa miziki ya soni na rumba.

Uti wa mgongo wa muziki huo ni vyombo vya kugonga na kutikisa. Kuna ngoma ndefu ya tumba inayopigwa kwa viganja, ngoma mbili ndogo za bongo zinazoshikwa magotini, na marakasi, yaani vibuyu vyenye mbegu ndani. Juu ya vyote hivyo kuna klave, vijiti viwili vya mti mgumu vinavyogonganishwa. Klave hupiga mapigo matano yaliyogawanywa mafungu mawili, matatu kwa mawili, na kila mpigaji mwingine hujipanga kwa kuyafuata. Mwanafunzi wa ushairi anaweza kuilinganisha kazi yake na ile ya mizani: haisikiki kama maana, lakini ikikosekana, shairi zima huyumba.

Mwaka 1933 kampuni ya HMV ya Uingereza ilianza kutoa santuri za mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, zikiwa na nyimbo za Kuba zilizokusudiwa soko la Afrika. Miongoni mwa za mwanzo kabisa ulikuwamo wimbo "El Manisero", ambao okestra ya Don Azpiazu iliurekodi mwaka 1930. Santuri hizo zilifika Kinshasa, zikafika Mombasa na Dar es Salaam. Wasikilizaji hawakuelewa Kihispania, lakini miguu yao iliyaelewa mapigo. Mdundo uliovuka Atlantiki ndani ya jahazi la utumwa ulirejea ndani ya sanduku la santuri.

Wakati huohuo mdundo huu ulikuwa ukifunga ndoa nyingine upande wa pili wa dunia. Mpiga tumba Chano Pozo, aliyezaliwa Havana mwaka 1915, alijiunga na okestra ya jazi ya Dizzy Gillespie mjini New York. Septemba 1947 walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie, na Desemba mwaka huo wakarekodi "Manteca", wimbo ulioifungulia ngoma ya Kuba mlango wa kudumu katika jazi ya Marekani. Chano Pozo aliuawa kwa risasi mtaani Harlem Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33. Mwaka huohuo wa 1948, mjini Morogoro, kijana wa miaka 20 alikuwa akianzisha bendi yake ya kwanza. Wawili hao hawakujuana, ila kila mmoja alikuwa akiutafutia mdundo uleule makao mapya.

Kuzaliwa na Mazingira

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Asili hiyo ilimweka tangu utotoni mahali pa makutano. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, ilhali Waarabu huuhesabu kwa upande wa baba. Hivyo kila upande ulikuwa na njia yake ya kumhesabu mtoto huyu. Lugha iliyoweza kumhesabu kote kuwili ilikuwa Kiswahili.

Mji wenyewe ulikuwa wa makutano vilevile. Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, kando ya reli ya kati itokayo Dar es Salaam kuelekea Tabora na Kigoma. Mashamba ya mkonge yaliyouzunguka yaliwavuta vibarua kutoka pembe nyingi za Tanganyika na hata nje yake. Watu hao walifanya kazi pamoja mchana, na mwisho wa juma walihitaji mahali pa kustarehe pamoja. Ngoma ya kabila moja isingewatosha wote, kwa kuwa ingewafanya wengine wageni. Dansi ilipoingia, haikuwa na mwenyewe, na kwa hiyo kila mtu aliweza kuidai.

Katika Tanganyika dansi ilikuwa na mizizi ya zamani kidogo. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro ikapata Morogoro Jazz Band mwaka 1944. Msomaji asidanganywe na neno jazi katika majina haya. Bendi zetu nyingi zilizojiita Jazz hazikupiga muziki wa New Orleans; ziliazima jina kama alama ya usasa, kisha zikapiga rumba, chacha na mitindo ya nyumbani. Hivyo muungano wa jazi na Kuba ulikuwapo kwetu pia, kwa namna yake: jina lilitoka Marekani, mdundo ulitoka Kuba, na maneno yalitoka mtaani.

Safari ya Kuba Iliyoishia Mombasa

Katika masimulizi ya maisha ya Salum Abdallah hakuna kisa kinachokumbukwa kuliko kile cha safari yake. Akiwa kijana aliyelewa santuri za Kuba, aliondoka kwao akiwa na azma ya kufika Kuba yenyewe. Alifika Mombasa, akitumaini kupata meli. Meli haikupatikana, na hatimaye alirejea Morogoro.

Ni rahisi kukicheka kisa hiki kama ujinga wa ujana. Tukikitazama vizuri, tunaona ndani yake njia panda ya maisha yake yote. Kama angefika Havana, pengine angekuwa mpigaji mmoja kati ya maelfu, akiimba kwa Kihispania cha kubahatisha. Kwa kuwa hakufika, alilazimika kuijenga Kuba pale alipokuwa, kwa watu aliokuwa nao na kwa lugha waliyoijua. Mtu asiyefika kwenye chemchemi hujifunza kuchimba kisima.

Mombasa yenyewe haikumtupa. Miaka ya baadaye nyimbo za bendi yake zilitolewa katika santuri za Mzuri, lebo ya kampuni ya Assanand iliyokuwa na makao yake mjini humo. Bandari iliyomnyima meli ndiyo iliyoisafirisha sauti yake hadi Kenya nzima.

Kutoka La Paloma Hadi Cuban Marimba

Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda bendi aliyoiita La Paloma. Jina hilo la Kihispania lina maana ya njiwa, na lilikuwa jina la wimbo maarufu wa karne ya 19 uliotungwa na Mhispania Sebastián Iradier. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili atatambua kwamba njiwa si mgeni katika tungo zetu, kwani amepewa kazi ya tarishi wa mapenzi mara nyingi. Hata pale Salum alipoazima jina zima la kigeni, aliazima neno ambalo tayari lilikuwa na kiota nyumbani.

Miaka ya mwanzo ya 1950 bendi ilichukua jina la Cuban Marimba. Jina hili linastahili kuchambuliwa. Neno la kwanza linaelekeza Kuba kwa tahajia ya Kiingereza. Neno la pili ni la Kibantu. Marimba ni chombo cha Kiafrika ambacho jina lake lilivuka bahari pamoja na watumwa, likaingia katika lugha za Amerika, na mzungu akalisikia huko kana kwamba ni neno la huko. Salum Abdallah alipoliandika jina hilo kwenye ubao wa bendi yake, alikuwa, kwa kujua au kwa kutojua, amemrudisha msafiri kwao.

Bendi ilikua na kuwa miongoni mwa zilizosikilizwa sana nchini. Mpinzani wake alikuwa jirani, Morogoro Jazz Band. Ushindani wa namna hiyo ni mila ya kale katika utamaduni wa Waswahili: vyama vya beni vilishindana, makundi ya lelemama yalishindana, washairi walijibizana. Mji mdogo wenye bendi mbili kubwa uligawanyika mashabiki, na kila bendi ililazimika kuleta wimbo mpya na mtindo mpya ili isiachwe nyuma. Ushindani huo ndio uliompokea baadaye Mbaraka Mwinshehe upande wa Morogoro Jazz, na bila shaka ulimnoa.

Mambo mawili yaliisaidia sauti ya Cuban Marimba kutoka Morogoro. La kwanza ni santuri tulizokwisha kuzitaja. La pili ni redio, ambayo ilianza matangazo Dar es Salaam mwaka 1951. Mtu aliyekuwa mbali na reli sasa aliweza kusikia bendi bila kununua tikiti ya gari moshi wala ya ukumbi.

Kiswahili Ndani ya Mdundo

Mchango mkubwa wa Salum Abdallah uko katika maneno. Waigaji wengi wa santuri za GV walianza kwa kukariri sauti za Kihispania wasizozielewa. Yeye alitunga kwa Kiswahili, akaupa mdundo wa Kuba habari za mapenzi, za maisha ya mjini na za nchi yake.

Kufaa kwa Kiswahili katika kazi hiyo kuna sababu za kiisimu. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kihispania nacho kina irabu tano safi, na maneno yake mengi huwekewa mkazo mahali hapohapo. Kwa hiyo neno la Kiswahili lilipowekwa mahali pa neno la Kihispania, halikuteguka. Mwimbaji hakulazimika kuvuta irabu zisizovutika wala kumeza konsonanti ili kuyawahi mapigo ya klave.

Tuchukue jina la mojawapo ya nyimbo zake mashuhuri, "Ngoma Iko Huku". Lina mizani sita, na kila mizani huishia kwa irabu. Mkazo unaangukia mizani ya kwanza, ya tatu na ya tano, kana kwamba jina lenyewe linapigwa kwa viganja. Tukija kwenye maana, neno ngoma linabeba mambo mawili au matatu kwa pamoja: chombo chenyewe, mchezo unaochezwa, na shughuli inayokusanya watu. Kiambishi cha mahali -ko pamoja na huku vinaelekeza mahali pasipo na mipaka mikali, upande huu tulipo sisi. Mtu anayesikia jina hilo anaalikwa bila kuonyeshwa mlango. Huo ni ufundi ambao tafsiri ya lugha nyingine hupata taabu kuubeba.

Wakati wa maisha yake, waimbaji wengine nao walikuwa wakilitatua fumbo hilohilo kwa vifaa vyao. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyeuawa mwaka 1963, aliimba kwa Kiswahili katika mtindo wa omutibo, gitaa likisindikizwa na chupa ya soda iliyokwaruzwa badala ya marakasi. Msomaji aliyelelewa Matayos, pande za Busia na Malaba, hatashangazwa na mambo haya. Mpakani watu wamezoea kuona bidhaa ikibadilisha bei, jina na mwenyewe kwa kuvuka hatua chache. Reli iliyopita Malaba kuelekea Kampala na barabara ya Busia zilifanya kwa eneo hilo kile ambacho bandari ilifanya kwa Mombasa. Watu walioishi kwenye njia hizo hawakuuliza wimbo umetoka nchi gani kabla ya kuucheza. Waliuliza kama wanaelewa maneno yake.

Swali la Mwaka 1962

Maisha ya Salum Abdallah yaliangukia kipindi ambacho kuazima kulianza kutazamwa kwa jicho kali. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye ikawa jamhuri. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Aliwakumbusha wananchi kwamba wengi wao walijua kucheza rumba, chacha na dansi za Kizungu, ilhali hawakuzijua ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama. Alieleza kuwa ukoloni uliwafanya watu wauonee aibu utamaduni wao.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na haifai kupuuzwa na mtu anayempenda Salum Abdallah. Shule za kikoloni kweli zilifundisha aibu. Mtu anayekata tikiti ya ukumbi wa dansi hafundishwi humo ngoma ya bibi yake. Na bendi yenye neno Cuban katika jina lake ilikuwa imesimama moja kwa moja mbele ya lawama hiyo.

Hata hivyo, maisha tuliyoyasimulia yanatoa jibu lenye sehemu tatu. Kwanza, rumba haikuwa mali ya mkoloni. Ilikuwa sauti ya Waafrika walionyang'anywa kila kitu isipokuwa mdundo, na kuipokea kulikuwa zaidi ya kuiga. Kulikuwa kumtambua ndugu aliyepotea. Pili, ngoma za makabila zilizotajwa ni hazina, lakini kila moja ilikuwa na wenyewe. Dansi ya Kiswahili iliwakusanya Mluguru, Mngoni, Mnyamwezi na Mmakonde chini ya paa moja, wakaimba kiitikio kimoja kwa lugha moja. Kabla ya Serikali kuitumia lugha hii kujenga taifa, kumbi za dansi zilikuwa zimekwisha kuanza kazi hiyo bila amri ya mtu. Tatu, Salum Abdallah hakuliepuka taifa jipya. Miongoni mwa nyimbo zake umo "Wanawake Tanzania", na jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba 1964, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Mtunzi aliyewahi kutamani kuikimbilia Kuba alimaliza maisha yake akiliimba jina la nchi yake lingali jipya.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba Serikali yenyewe haikuufunga mlango wa dansi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakalipwa mshahara. Mdundo ulioshtakiwa mwaka 1962 uliajiriwa miaka miwili baadaye.

Kifo na Urithi

Salum Abdallah alifariki katika ajali ya gari Novemba 1965, akiwa na umri wa miaka 37. Cuban Marimba haikufa naye. Uongozi ulishikwa na Juma Kilaza, aliyeiendesha bendi kwa miaka mingi na kuipa sauti yake mwenyewe. Upande wa pili wa mji, Mbaraka Mwinshehe aliinua Morogoro Jazz hadi kilele cha umaarufu, naye akafa katika ajali ya barabarani mjini Mombasa Januari 1979. Mji mmoja ukawapoteza wana wawili kwa namna moja.

Mwaka 2000 nyimbo za Salum Abdallah za miaka ya 1955 hadi 1965 zilikusanywa na kutolewa upya nchini Ujerumani na Dizim Records, katika sidii iliyopewa jina la "Ngoma Iko Huku". Ni jambo la kushukuru, na ni jambo la kutafakarisha vilevile. Santuri nyingine za zama hizo zimevunjika, zimeliwa na vumbi au zimetupwa pamoja na vinanda vilivyozipiga. Kila moja inayopotea inaondoka na beti ambazo hazikuandikwa popote.

Hitimisho

Tumeona maisha ya mtu aliyesimama kwenye makutano tangu kuzaliwa hadi kufa: kati ya Uarabu na Uluguru, kati ya bandari na milima, kati ya ndoto ya Kuba na wajibu wa nyumbani. Alipoazima, aliazima kama lugha yetu inavyoazima. Neno la kigeni likiingia katika Kiswahili hupewa ngeli, hupatanishwa na vitenzi, hupokea irabu mwishoni, na baada ya kizazi kimoja mtoto hajui kama lilitoka kwingine. Salum Abdallah aliufanyia mdundo hivyohivyo. Aliupa ngeli.

Hapana budi basi nyimbo zake na za wenzake ziingizwe katika somo la fasihi kwa haki ileile inayopewa tenzi na mashairi ya bahari za zamani. Mwanafunzi anayeweza kuhesabu mizani ya "Al-Inkishafi" anaweza pia kuketi na nyimbo za Cuban Marimba, akasikiliza jinsi maneno yanavyokaa juu ya klave, na akaziandika kabla hazijapotea. Kazi hiyo haihitaji safari ya Kuba. Kama alivyokwisha kutuambia mwenyewe kwa jina la wimbo wake, ngoma iko huku.